Vijiwe Viwili vya Kichwa cha Mudomo

Papa,

Leo nakuandikia kwenye karatasi. Kibao chetu cha chaki kimejaa pande zote mbili: upande mmoja una neno lako, upande wa pili una maneno yangu, na tangu siku ile sijafuta kitu. Mama alitaka kukipangusa kwa kitambaa alipokuwa anapanga vitu vyako, nikampokonya mkononi kama mtoto asiyefunzwa. Amekwisha kunisamehe. Na wewe nisamehe.

Nina jibu la swali lako. Nakuambia hilo kwanza, maana hukupenda mtu akuzungushe. Siku zile mbili za mwisho uliuliza tena na tena, kwa ile sauti yako ya maporomoko ambayo hata homa haikuipunguza: "Alikula, ao alitupa?" Majirani walidhani ni homa inayosema. Mimi nilijua unauliza habari ya kaka yako, Tonton Fideli, na kichwa cha samaki ulichompelekea. Nilikuandikia kwenye kibao, "Sijui, Papa." Ukasoma, midomo yako ikitembea, ukageukia ukuta. Hayo ndiyo maandishi yangu ya mwisho uliyosoma, na yamenikaa kifuani miezi minne.

Sasa najua. Lakini jibu lina njia yake, na ni wewe uliyenifundisha kwamba anayevuta haraka anabaki na uzi mtupu. Kaa kidogo, usinipigie kelele.

Habari za nyumbani. Mvua ya kwanza ilibomoa ukuta wa jiko, upande ule ule uliosema kila mwaka kwamba utautengeneza. Kuku wako mweusi aliangua vifaranga saba, mwewe akachukua wawili. Kiti chako hakikaliwi na mtu, wala si kwa heshima peke yake: siku ya mazishi mgeni mmoja mnene kutoka Isangi alikikalia huku analia, kikavunjika mguu, na yeye akaacha kulia. Mume wangu bado yuko kwenye mashua ya Basoko. Amerudi mara mbili, ameondoka mara mbili. Nyumba ina ukimya ambao hatujauzoea. Tuliishi na mtu aliyeomba chumvi kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. Siku hizi mtu akiomba chumvi simsikii.

Aliyenitia wasiwasi ni Mama. Miezi minne amekaa kwenye mkeka na nguo yake nyeusi, hakwenda soko, hakwenda shamba. Desturi yetu unaijua: matanga hayaishi mpaka kaka wa marehemu ale wa kwanza, na anachokula kiwe kichwa cha samaki kutoka maji aliyokuwa akivua marehemu. Tena kichwa kijae sahani. Kichwa cha samaki mdogo ni tusi. Tonton akatuma neno kwamba ataleta mwenyewe samaki wa maporomoko, atamla kichwa, na Mama atasimama. Ilikuwa njia rahisi, watu wote wakaisifu. Mama, ambaye miaka thelathini hakumjibu shemeji yake hata mara moja, siku hiyo akajibu. Alisema, "Bwana yangu alikufa mutu ya bwawa. Mi nitasimama na samaki ya bwawa." Kisha akavuta kitambaa chake kichwani.

Ungemwona, Papa. Ungeogopa kama ulivyomwogopa siku zote.

Mimi niliuona ugomvi wenu tangu mwanzo, kwa hiyo sikushangaa. Mwaka wa hamsini na tatu mto ulipanda ghafula, mti mmoja wa mtego ukang'oka na kukuangukia mguu, na tangu hapo hukuweza tena kupanda juu ya miti ya maporomoko kushusha vitunga vya kutegea samaki. Tonton, kwa kuwa ni mkubwa wako na ndiye mwenye mahali pale, akakupa kazi ya kukaa kando na kushona vitunga vilivyotoboka. Sehemu yako ya samaki ungeipata kama zamani. Alidhani amekupa heshima. Ulikaa wiki mbili, umeinama juu ya fito, ukiwatazama wengine wakipanda. Siku moja ukatupa kitunga chini, ukakamata fimbo, ukavuka na mtumbwi ukaenda kwenye shimo la mawe.

Hakuna asiyelijua shimo lile. Wazungu walichimba humo mawe ya reli inayokwenda Ponthierville, wakafikia maji, wakaacha, likajaa likawa bwawa. Mzungu aliyebaki kulinda mashine akaleta samaki wadogo katika mapipa kutoka milima ya Kivu, ili avue Jumapili, siku ya Mungu. Aliwaita blakibasi. Watu walisema watakufa kwa joto letu. Hawakufa, kwa sababu bwawa lina kina, na kwenye kina kuna baridi. Yeye akahamishwa, samaki wakabaki. Wewe ukawaita Mudomo, maana mkubwa wao akifungua kinywa, ngumi yangu inaingia yote.

Tonton aliposikia uko kule, alisema mbele ya watu, "Bon, ndeko yangu ameacha maji ya baba yetu, anafata maji ya banamuke." Na hakusema uongo. Kwetu maji yaliyolala ni ya wanawake. Sisi ndio tunaokausha vidimbwi wakati wa jua na kukamata samaki kwa vikapu, tukiimba na kutukanana. Mwanamume wa maporomoko hatii mguu humo. Ndiyo sababu ulinichukua mimi. Ulisema kama ni kazi ya wanawake, basi unataka mwanamke wa kukufundisha. Nilijivuna siku nzima. Sikujua kwamba kwa maji yenye kina kile hatujui kitu, si wewe, si mimi.

Tuseme ukweli, mwanzoni ulichekesha. Ulibebesha watu kitunga cha maporomoko, kikubwa kupita mlango wetu, ukakitia majini, kisha ukatafuta mkondo ili uelekeze kinywa chake. Ulizunguka bwawa zima ukitupa majani uone yanakwenda wapi. Majani yakakaa pale pale. Uliyatazama kwa hasira, kama watu waliokataa kuitikia salamu yako. Maisha yako yote mto ulikuletea samaki. Hapa maji hayaleti kitu. Mtu ndiye anayekwenda.

Halafu kelele. Watu wa maporomoko wote mko hivyo, masikio yenu yamekufa nusu kwa ngurumo ya maji na mnadhani dunia nzima inanguruma. Ulikuwa unaniambia "Usipige kelele, samaki inasikia!" na ndege wanaruka mpaka kwenye reli. Wiki ya tatu nikaleta kibao changu cha shule ya masista. Kusoma ulikujua, polepole, ulifundishwa na katekista pamoja na Tonton mkiwa vijana. Tangu siku hiyo tukazungumza kwa chaki. Nadhani katika miaka ile uliniambia mambo mengi kuliko yale yote ya tangu nizaliwe. Uliandika kwamba unamwogopa Mama akinyamaza. Uliandika kwamba mguu unauma zaidi ukisikia vijana wakiimba kule kwenye miti. Siku moja uliandika jina la mdogo wangu aliyekufa, ukalifuta kwa kiganja kabla sijalisoma mara ya pili, nasi tukaendelea kutazama uzi.

Samaki wadogo tuliwapata upesi, kandokando, kwa minyoo. Hukuwataka. Uliwarudisha majini ukinung'unika, Mama akakasirika kwa kuwa alikuwa amekwisha kutwanga pilipili. Ulitaka wakubwa, na mimi nilijua kwa nini ingawa hukuiandika kamwe: kichwa cha samaki mdogo hakijai sahani ya kaka.

Ukafunga bulo ya reli, chuma kizito, kwenye mwisho wa kamba, ukapiga fundo kila mkono mmoja, tukapanda chelezo na kupima bwawa lote. Hapo ndipo tulipoona kwamba wachimbaji walikata mawe kama ngazi. Ngazi ya kwanza mafundo matatu. Ya pili mafundo saba. Baada ya hapo ni shimo lenyewe, ambamo kamba ya mafundo ishirini haikugusa chini, nawe ukaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyelichimba. Wadogo wanakaa ngazi ya kwanza. Wakubwa wanakaa kwenye ukingo wa ya pili, kando ya behewa dogo la kubebea mawe lililozama humo; jua likiwa kali wanashuka zaidi kutafuta baridi, na alfajiri wanapanda kula. Ukaacha minyoo. Ukaandika, "Kubwa inataka kubwa," na tukaanza kutumia tilapia mzima, mrefu kama kiganja changu, ndoano ikipita mgongoni taratibu ili asife, tukamshusha mpaka fundo la saba.

Kosa la mwisho lilikaa mkononi mwako karibu mwaka mzima. Kwenye maporomoko mtu akiona kitunga kina kitu anavuta hapo hapo kwa nguvu zote, maana akichelewa mto utachukua samaki na kitunga na pengine na yeye mwenyewe. Mudomo hataki hivyo. Anachukua chambo kwa midomo, anaondoka nacho, anasimama, anakigeuza ili kichwa kitangulie, ndipo anameza. Ukivuta kabla, unamnyang'anya chakula tu. Sijui uliwapoteza wangapi. Kila mara ulijua, na kila mara mikono ilikutangulia. Mwisho ukaandika NGOJA kwa herufi kubwa, ukakiegemeza kibao kwenye jiwe mbele ya macho yako mwenyewe. Ukaanza kuhesabu kwa Baba Yetu: uzi ukianza kwenda unaanza sala, na hakuna kuvuta kabla ya mkate wetu wa kila siku. Kila asubuhi uliliandika upya neno lile. Ndilo lililobaki.

Mkubwa wa kwanza ulipompata ulicheka mpaka ukakaa chini. Kichwa chake Mama alikipika, ukakifunika kwa jani la ndizi, ukanituma kwa Tonton. Kwetu ndugu mdogo anampelekea mkubwa wake kichwa cha samaki bora, na mkubwa akikubali anakula, kisha anarudisha sahani ikiwa na vijiwe viwili, vile vyeupe vinavyokaa ndani ya fuvu la samaki. Vijiwe vikirudi, mambo ni mazima. Tonton alirudisha kichwa kama kilivyokwenda. Cha pili vile vile. Cha tatu alinipa na ujumbe: "Ambia papa yako, mi sikuli samaki ya maji inalala." Wewe ulifunua jani, ukakitazama, ukampa Mama atie katika mchuzi wetu. Hukusema kitu, wewe mtu wa kelele. Nilitamani ungetukana.

Cha mwisho kilikwenda siku mbili tatu kabla ya homa. Kesho yake sahani ikarudi na mtoto wa jirani. Kichwa hakuna. Vijiwe hakuna. Sahani imeoshwa. Uliigeuza juu na chini, ukapitisha kidole pembeni, ukainusa. Ndipo swali lilipozaliwa. Kama amekula, kwa nini hakurudisha vijiwe? Kama amewatupia imbwa, kwa nini aioshe sahani vizuri namna ile?

Basi, baada ya neno la Mama, nilikwenda bwawani. Nilikwenda siku kumi na moja, kila siku alfajiri, na kibao, na kamba yako ya mafundo, na tilapia ndani ya ndoo. Niliketi kwenye jiwe lako. Siku za kwanza nilipata wadogo tu, nikawarudisha, nikanung'unika kwa sauti yako. Siku ya sita uzi ulikwenda kwa uzito ambao sikuukosea. Nikavuta. Ndiyo, Papa, nikavuta. Tilapia alirudi amechubuka magamba upande mmoja. Nililia, halafu nikajicheka, kwa kuwa nilikuwa nimeketi mbele ya neno lenyewe.

Nyumbani Mama hakuniuliza. Alitazama mikono yangu mitupu, akageuka upande mwingine wa mkeka. Miguu yake ilianza kuvimba kwa kukaa. Niliogopa kwamba atakaa pale mpaka tumzike naye.

Huku nyuma watu wakaanza maneno. Mwanamke ana mume safarini, kila asubuhi anavuka peke yake kwenda shimoni, anafuata nini? Maneno yakamfikia Tonton, na siku ya kumi na moja akaja. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa bado kwenye njia ya reli. Alisema ninaaibisha ukoo, kwamba Mama ana kichwa kigumu, kwamba samaki wa maporomoko yuko tayari na mimi nichukue vitu vyangu turudi. Alisema yote hayo huku anashuka mawe na ndege wanaruka. Nilimpungia mkono anyamaze. Hakunyamaza. Nikainua kibao, nikamgeuzia NGOJA yako.

Akasoma, midomo ikitembea kama yako. Aliyajua maandishi yale, Papa. Mmefundishwa na mtu mmoja, na J yenu ni moja, ile yenye mkia mrefu. Sikuwa nimepata kumwona Tonton akiwa kimya na macho wazi. Akakaa kwenye jiwe lako. Nilitaka kumwambia ashuke, lakini sikuwa na jingine la kumpa. Akaichukua kamba ya kupimia, akapapasa mafundo moja moja. Yalikuwa mafundo ya kufungia kitunga kwenye mti, yale mliyofundishwa na baba yenu. Alifika la saba, akarudi la kwanza, akaanza tena.

Na uzi ukaondoka.

Tonton aliruka akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kuvuta. Nilichukua kibao kwa mkono wa pili nikakiweka mbele ya pua yake. Mkono wake ukakaa juu ya wangu bila kuvuta. Nikaanza Baba Yetu. Uzi ulikwenda mpaka jina lako litukuzwe, ukasimama. Yeye naye alikuwa anasali, sijui kama alijua ninahesabu au alikuwa anasali kweli. Tulipofika mkate wetu wa kila siku uzi ulianza kwenda tena, taratibu, mzito. Tukavuta, yeye na mimi.

Samaki alipanda mara moja juu ya maji akitikisa kichwa, tukamwona, na Tonton akasema jina la mama yake. Samaki akashuka kuelekea kwenye behewa, nikatembea kando ya mawe nikimzuia kama ulivyonionyesha, uzi ukanikata kidole, kovu ninalo. Tulipomtoa nje alikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka begani. Tonton alimtia ngumi kinywani. Ikaingia yote, ngumi ya mtu wa maporomoko.

Kisha akakaa chini. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama ndivyo ulivyokuwa ukifanya kila siku. Nikasema ndivyo. Halafu akafungua pembe ya kitambaa anachofunga kiunoni, na ndani yake kulikuwa na vijiwe viwili vyeupe.

"Nilikula, mutoto yangu," alisema. "Nyuma ya nyumba, nikisimama, batu basione. Ilikuwa tamu. Sahani niliosha mi mwenyewe."

Akanieleza. Hakutaka vijiwe vije na mtoto wa jirani. Alitaka kuvileta kwa mkono wake siku ya Mungu, akae na wewe, mle pamoja, na maneno yaishe. Siku ya Mungu alikuja. Alifika mpaka mlangoni. Ndani watu walikuwa wamejaa, wewe ulikuwa kwenye homa, na akakusikia unauliza. Barabara nzima ilikusikia. Yeye alikuwa amesimama pale na jibu kiunoni, akaona aibu mbele za watu, akarudi. Alidhani utapona. Alijiambia kesho.

Nilikasirika, Papa. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilisimama nikapiga kelele juu ya bwawa lile, kelele za maporomoko zilizo ndani ya damu yetu wote. "Alikuwa anauliza! Ulimusikia, ukarudia mlangoni!" Nilimwambia mengine ambayo mtoto hamwambii mkubwa wake, na sitayaandika hapa. Aliniacha nimalize. Nilipoishiwa pumzi akainuka, akamweka samaki begani, akatangulia kwenda kwenye mtumbwi. Kwa nyuma alitembea kama wewe kabla mguu haujaumia.

Sijui kama nimemsamehe. Nadhani wewe ungemsamehe pale pale na kumwomba chumvi. Mimi ni binti ya Mama, ninachelewa.

Siku iliyofuata ndipo tulipomaliza matanga. Padri alikuombea asubuhi. Mama alikuwa amemwelekeza shangazi, akiwa mkekani, namna ya kukipika kichwa: mafuta ya mawese, pilipili nzima isiyopasuka, kwanga ya muhogo pembeni, sombe ya majani yake kidogo. Kilijaa sahani mpaka taya likatokeza nje. Tonton alikaa katikati ya uwanja, watu wote wakimwona, akala. Alikula polepole. Hakuacha macho, hakuacha mashavu, alinyonya kila mfupa. Alipomaliza alivunja fuvu, akatoa vijiwe viwili, akaviosha kwa maji ya kunywa, akaviweka kwenye sahani. Akainuka akampelekea Mama mwenyewe.

Mama alivitazama. Halafu akanyoosha mkono, Tonton akamshika, akasimama. Magoti yake yalilia. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba ukuta wa jiko ni aibu na kwamba katika nyumba hii hakuna mwanamume. Jana Tonton alikuja na udongo. Leo ukuta umefika kiunoni, na umepinda, lakini Mama hajasema.

Karatasi hii haitakwenda posta. Nitafungia ndani yake vijiwe vinne: viwili alivyoficha Tonton na viwili vya juzi. Kesho nitavifukia upande wa kichwa chako, si ndani sana, ili usihangaike.

Nakuahidi hivi. Maadamu ninaweza kushusha chambo mpaka fundo la saba, kila kichwa kitakachojaa sahani kitakwenda kwa kaka yako, na nitakipeleka mwenyewe, na nitasubiri sahani pale pale. Yeye anataka kuja bwawani tena. Anasema mguu wake ni mzima lakini umechoka kupanda miti. Nimemwambia aje, alete chaki yake, na afunge mdomo.

Neno lako sitalifuta. Tutaandika upande wa pili, ule wa "Sijui, Papa." Huo nimeufuta sasa hivi kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya. Na kabla ya mtu mwingine kuutumia, nimeandika neno moja, kubwa, ili usome bila kukaza macho. Nitakiegemeza kibao kaburini wakati ninafukia, ukione kwanza wewe.

Lala vizuri, Papa. Alikula.

Binti yako,
Bernadeta